Mchagua Jembe si Mkulima: Kompyuta na Muziki wa Chumbani



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalowahusu vijana wetu wengi, na linalowagusa pia wazazi wao mifukoni. Nalo ni hili la kurekodi muziki nyumbani kwa kompyuta. Pita Buguruni, kuanzia Malapa hadi kwa Mnyamani, kisha endelea Ilala, Kariakoo na Manzese. Hutakosa kukuta chumba kimoja cha kupanga ambamo kitanda kimesogezwa ukutani, na juu ya meza ndogo pana kompyuta, spika mbili na maikrofoni. Mwenye chumba atakwambia kwamba hiyo ni studio, wala hatanii. Na swali ambalo vijana hawa huniuliza kuliko lolote lingine ni hili: ninunue kompyuta gani, na niweke programu gani, ili nyimbo zangu zisikike kama zile za redioni?

Swali ni zuri, lakini limebeba dhana ndani yake. Dhana yenyewe ni kwamba ubora wa sauti unauzwa dukani, umefungwa katika boksi moja na kompyuta. Leo tuichambue dhana hiyo polepole, kwa sababu fedha zinazopotea kwa ajili yake si kidogo, na wenye fedha hizo si matajiri.

Tuanzie tulikotoka. Zamani mwanamuziki wa Dar es Salaam aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kubisha, nao ni studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, si mbali na Buguruni. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi kama Juwata, Mlimani Park, Vijana Jazz na Orchestra Maquis ziliingia mle na vyombo vyao. Wanamuziki walipiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na sauti ikaenda kwenye utepe. Mpiga tarumbeta akiteleza, wote wanaanza upya. Hapakuwa na kompyuta ya kunyoosha sauti iliyopinda wala ya kusogeza ngoma iliyochelewa. Hata hivyo kanda hizo zimedumu. Baadhi ya nyimbo zake zilikuja kutolewa kwenye CD huko Ufaransa, katika mfululizo uitwao Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique, na watu wa mbali wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakazinunua.

Katika miaka ya 1990 milango iliongezeka. Zikaja studio kama Mawingu, Don Bosco, MJ Productions ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk, na humo ndimo ulimolelewa muziki ambao baadaye tuliuita Bongo Fleva. Wakati huohuo, huko nje, kompyuta nazo zilikuwa zinabadilika. Kompyuta aina ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na matundu ya kuunganisha vinanda vya umeme, na mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikaitengenezea programu ya Cubase. Lakini kompyuta ile iliviamuru vinanda tu: piga hapa, nyamaza pale. Sauti ya mtu haikuweza kuihifadhi katika hali ya kufaa. Mwaka 1996 ndipo Cubase VST ilipoleta studio nzima, pamoja na mwangwi na vikorombwezo vyake, ndani ya kompyuta ya kawaida. Mwishoni mwa miaka hiyo ikatoka Ubelgiji programu ya FruityLoops, iliyobadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Hiyo ndiyo iliyoingia vyumbani mwetu kuliko nyingine zote.

Sasa, ili tuelewane, hebu tuifuate sauti katika safari yake. Mwimbaji anafungua kinywa. Sauti inatoka, inagonga kuta na dari, inarudi. Maikrofoni inapokea vyote viwili, sauti yenyewe na mwangwi wake, na kuvigeuza kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo unaingia kwenye saundi kadi, nayo inaupima maelfu ya mara na kuandika kila kipimo kama namba. Kwa kiwango cha CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, vipimo ni 44,100 katika kila sekunde moja. Kuanzia hapo hakuna tena sauti. Kuna orodha ndefu ya namba, na orodha hiyo ndiyo anayokabidhiwa kompyuta.

Angalieni basi mahali kompyuta ilipo katika safari hii. Iko mwishoni. Ni kama karani wa bandarini anayepokea mizigo. Mzigo ukifika umeloa, karani ataandika kwamba umeloa. Mpe kalamu ya dhahabu, mzigo hautakauka.

Wapo watakaosema: basi tuongeze vipimo, badala ya 44,100 tuweke 96,000. Lakini kwa kanuni ya hesabu, vipimo 44,100 vinatosha kubeba sauti zote hadi mitetemo 22,050 kwa sekunde, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000. Ukiongeza zaidi ya mara mbili utaijaza diski haraka, na mwangwi wa chumba utabaki palepale. Jambo lenye faida kubwa zaidi ni biti, na hapa sisemi biti ya kuchezea, bali ukubwa wa kila namba inayoandikwa. Kwa biti 16, umbali kati ya sauti kubwa kuliko zote na ile ndogo kuliko zote ni desibeli 96. Kwa biti 24 ni 144. Maana yake ni kwamba ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kusukuma sauti mpaka taa nyekundu iwake. Acha nafasi. Sauti ikivuka kilele cha kipimo hukatwa kichwa, na programu ya kuirudishia kichwa chake kama kilivyokuwa haipo.

Twende kwenye programu. Hapa ndipo penye ubishi mkubwa vijiweni. Mmoja anasema FL Studio ina sauti ya kitoto, mwingine anasema Pro Tools ina sauti nene, wa tatu anaapa kwa Cubase, wa nne kwa Logic. Nami nimewasikiliza wote.

Siku moja alinijia kijana wa jirani hapa Buguruni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, habari za muziki?" Akanieleza kwamba sauti za nyimbo zake ni nyembamba, zina mwangwi kama mtu aliye kisimani, na kwamba amekwisha kuamua dawa yake: kompyuta mpya na programu nyingine. Mama yake, anayeuza mbogamboga pale sokoni Buguruni, alikuwa tayari kumkopea kwenye kikoba chao. Nikamwambia, mwanangu, kabla mama hajaweka sahihi, tufanye jaribio.

Tukachukua sauti zilezile za wimbo wake mmoja, ngoma na uimbaji, tukaziingiza katika programu mbili tofauti. Tukaweka viwango sawa, mgao wa kushoto na kulia sawa, bila kikorombwezo chochote. Tukatoa wimbo kutoka kila programu. Kisha tukazichukua nakala hizo mbili, moja tukaigeuza juu chini, yaani kila namba chanya ikawa hasi na kila hasi ikawa chanya, tukazijumlisha. Kama kuna tofauti yoyote ya sauti kati ya programu hizo, tofauti hiyo ndiyo itakayobaki na kusikika. Tukapandisha spika mpaka mwisho. Kimya. Kijana akasogeza sikio kwenye spika, akadhani waya umechomoka. Waya haukuchomoka. Programu za leo hujumlisha kwa usahihi mkubwa kupita masikio yetu, na mbili na mbili ni nne katika programu ya bei yoyote.

Baada ya hapo tukasimamisha godoro nyuma yake, tukatundika blanketi na khanga pembeni, tukaisogeza maikrofoni mpaka shubiri moja kutoka mdomoni, tukapunguza kiwango cha kuingiza. Akaimba ubeti uleule, kwenye kompyuta ileile, katika programu ileile. Mama yake, ambaye hajui bafa wala biti, alisikiliza nakala zote mbili na kusema, "Hapa ndiyo naisikia sauti ya mwanangu." Fedha ya kikoba haikuguswa.

Je, nasema kwamba programu zote ni sawa? La hasha. Kujumlisha ni sawa, lakini kazi nyingine si sawa. Ukiutoa mdundo kwenye kasi yake na kuuharakisha, au ukiunyoosha uimbaji uliopinda kwa vifaa vya namna ya Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997, programu inalazimika kubuni namba ambazo hazikuwapo. Hapo moja hubuni vizuri na nyingine hubuni vibaya. Vikorombwezo vinavyokuja ndani ya programu navyo vinatofautiana. Na zaidi ya yote, hutofautiana katika kurahisisha kazi. FL Studio ni nyepesi kwa kupanga midundo. Pro Tools na Reaper ni nyepesi kwa kurekodi na kukata sauti za watu. Programu unayoijua vizuri hukuachia muda wa kurudia ubeti mara ya tano, na mara nyingi ubora umejificha katika mara hiyo ya tano.

Hapo hapo nitaje kosa moja ambalo programu husingiziwa bure. Kijana anachukua mdundo wa MP3 aliotumiwa kwa simu, anaimba juu yake, kisha anautoa wimbo kwa MP3 tena. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde imebakiza kama sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya namba za CD. Ukiikamua mara ya pili, matoazi yanaanza kulia kama maji yanayochemka. Mwombe aliyetengeneza mdundo akupe faili la WAV. Ni sawa na kuomba nazi badala ya kuongeza maji kwenye tui lililokamuliwa.

Sasa tuirudie kompyuta yenyewe. Kama haiongezi uzuri, kazi yake ni nini? Nasema ina kazi nne, na zote ni za kuzuia uharibifu: isichelewe, isikatike, isipige kelele, isipoteze. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, isichelewe. Kompyuta haishughuliki na kipimo kimoja kimoja. Hukusanya vipimo kwenye kapu kwanza, na kapu hilo mafundi huliita bafa. Kapu la vipimo 256 hujaa kwa karibu milisekunde 6, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kapu la vipimo 2,048 hujaa kwa milisekunde 46. Sauti huingia kwa kapu na kutoka kwa kapu, kwa hiyo mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni baada ya mara mbili ya hapo, yaani karibu milisekunde 93. Jambo dogo? Chukueni singeli, muziki wetu unaokimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa mwendo huo pigo moja ni milisekunde 300, na robo ya pigo ni 75. Mwimbaji anajisikia akiwa amechelewa kupita robo nzima ya pigo. Watu watasema hajui kuhesabu, kumbe kompyuta imemvuta shati.

Dawa yake si lazima iwe kompyuta ya bei kubwa. Kwenye kompyuta za Windows, kinachohitajika ni saundi kadi yenye draiva ya ASIO, utaratibu uliobuniwa na Steinberg mwaka 1997 ili sauti ipite njia ya mkato. Kompyuta za Apple zina njia yao ya mkato ndani yake. Tena saundi kadi nyingi, hata ndogo, zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitufe hicho kimoja kinaweza kuokoa wimbo.

Pili, isikatike. Kapu likiwa dogo mno na kompyuta ikiwa nzito, namba hazifiki kwa wakati, na katika wimbo unasikia tik, tik, kama mchanga kwenye wali. Hapa nguvu ya kompyuta ina maana kweli. Kwa kuimba juu ya mdundo uliokwisha kutolewa, karibu kompyuta yoyote iliyotengenezwa katika miaka kumi iliyopita inatosha. Lakini anayetengeneza midundo kwa vinanda vingi vya ndani ya kompyuta anahitaji prosesa ya nguvu na RAM ya GB 8 au zaidi. Na hata huyo, kabla hajanunua, ajaribu mambo ya bure: kapu dogo wakati wa kuimba, kapu kubwa wakati wa kumiksi, intaneti izimwe, programu zisizohusika zifungwe, na vinanda vilivyokamilika vigeuzwe kuwa sauti ya kawaida ili prosesa ipumzike.

Tatu, isipige kelele. Kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi inaunguruma kama mashine ya kusaga, nayo imewekwa hatua moja kutoka kwenye maikrofoni. Buguruni kelele tunazo za kutosha: treni, daladala za Uhuru na Mandela, na wauza dawa ya panya wenye vipaza sauti. Hatuna haja ya kuongeza nyingine humu ndani. Isafishe feni, iweke kompyuta mbali, maikrofoni iipe mgongo. Ukiinunua yenye diski ya SSD ni heri zaidi, maana haina kitu kinachozunguka ndani. Ipo pia kelele ya umeme, ule mvumo mzito wa mitetemo 50 kwa sekunde. Kwa mwenye kompyuta mpakato kuna kipimo rahisi: chomoa chaja uendeshe kwa betri. Mvumo ukipotea, mkosaji ni chaja au soketi isiyo na waya wa ethi, na fundi umeme atakufaa kuliko muuza kompyuta.

Nne, isipoteze. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katikati ya ubeti, kompyuta ya mezani isiyo na UPS inazimika palepale, na ubeti unakwenda nayo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa mtaani kwetu, kompyuta mpakato ya mtumba iliyo na betri nzuri inaweza kuwa na thamani kuliko ya mezani yenye nguvu zaidi.

Halafu kuna diski. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 30 za sauti, kwa biti 24, unachukua karibu GB 1. Kwa kukosa nafasi, vijana hufuta njia hizo wakabakiza MP3 moja tu ya mwisho. Au hawafuti, lakini diski inakufa. Miaka mitatu baadaye anakuja mtu anataka wimbo urudiwe, au utumike kwenye filamu, na hakuna cha kumpa. Fikirini hilo. Utepe wa Redio Tanzania wa mwaka 1980 bado unapigika, ilhali wimbo wa kijana wa juzi umekwisha kuzikwa. Diski ya pembeni ya kuhifadhia nakala ni kifaa kisichopendeza machoni na hakipigwi picha, lakini ndicho ghala la mkulima. Kila wimbo uwe na nakala mbili, na nakala moja isilale chumba kimoja na kompyuta.

Kuna shahidi wa haya ninayosema, na hatuhitaji kumtafuta mbali. Pale Mburahati, katika studio ya Sisso, vijana walitengeneza singeli kwa kompyuta za kawaida na FL Studio. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilizikusanya baadhi ya nyimbo hizo katika albamu iitwayo Sounds of Sisso, na baadaye wanamuziki wake wakapanda majukwaa ya Ulaya. Walioita hawakuuliza prosesa. Na huko Marekani, Billie Eilish na kaka yake Finneas waliirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya mwaka 2019 katika chumba cha kulala cha nyumbani kwao Los Angeles. Mwaka 2020 ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Nao walikuwa na kompyuta nzuri, sikatai. Lakini kompyuta kama ile wanazo watu wengi sana, na tuzo ile hupewa mmoja.

Siwezi kumaliza bila kusema juu ya programu za kuiba, zile zinazouzwa kwenye flashi kwa bei ya soda. Kijana ananung'unika, na ana haki, kwamba wimbo wake unapigwa kila mahali bila yeye kulipwa. Anataka COSOTA imtetee. Lakini sheria hiyohiyo ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayomlinda yeye, inamlinda pia aliyeandika programu. Na mbali na sheria, programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, huzimika katikati ya kazi, au hukataa kufungua kazi ya mwaka jana. Mtu aliyeweka jasho lake lote humo amejenga juu ya kiwanja cha wizi.

Wala hakuna ulazima. Audacity imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, nayo inatosha kurekodi na kukata sauti. LMMS ni ya bure kwa kupanga midundo. Reaper humpa mtu siku 60 za kuijaribu yote kabla ya kulipa, na leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60. FL Studio inaruhusu kuijaribu bila malipo, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Na ukinunua mara moja, matoleo yanayofuata unapewa bila kuongeza senti. Vikundi vinavyonunua maikrofoni kwa kuchangishana vinaweza kununua leseni kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye fedha kidogo, zitumie kwa mpangilio huu. Kwanza chumba: magodoro, mapazia, kabati la nguo. Pili maikrofoni, na kwa mtaa wenye kelele chukua aina ya dinamiki, isiyosikia mbali. Tatu saundi kadi yenye draiva yake, na hedifoni ya kuziba masikio. Nne diski ya nakala. Ukishavipata hivyo ndipo uitazame kompyuta uliyonayo, uiulize maswali yale manne. Ikiwa inachelewa, inakatika, inapiga kelele au inapoteza, nawe umekwisha kujaribu dawa za bure, basi nenda Kariakoo ukanunue nyingine.

Na ukienda Kariakoo usinunue kwa macho. Beba hedifoni yako na saundi kadi yako. Iwashe kompyuta, iache ifanye kazi nzito, usikilize feni. Chomoa chaja uone betri inadumu kwa muda gani. Uliza kama diski ni SSD. Rekodi sauti yako dakika mbili palepale dukani, uisikilize kama kuna tik, tik. Muuzaji mwaminifu hatachukia, na atakayechukia amekwisha kukujibu. Usisahau risiti.

Waswahili walisema mchagua jembe si mkulima. Walikuwa wanamcheka yule anayezunguka maduka yote ya majembe huku mvua zinapita na shamba limelala. Hawakusema mkulima asitazame kama mpini umepasuka. Tazama mpini, kisha nenda shambani.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.